Bibi Asiyepumzika Mlimani

Juzi, kwenye kliniki ya kifua hapa Morogoro, nilikaa benchi moja na bibi aliyeshuka kutoka milima ya Uluguru. Nesi alimwamkia, akasogeza kiti karibu, akaanza kumsomea maswali ili ajue ugonjwa wake wa mapafu umefikia wapi.

“Bibi, ukipanda mlima unasimama kupumzika?”

“Sipumziki!” Bibi alinyoosha mgongo. “Mimi ni mtu wa mlimani.”

Nesi alitaka kuandika sifuri, yaani hana shida. Kalamu ikasita. “Ukikutana na watu njiani je?”

“Nasimama kuwasalimia. Nawauliza habari za nyumbani, za shamba, mpaka za mbuzi.”

“Na zamani?”

Bibi alikohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. “Zamani nilikuwa nasalimia huku natembea.”

Nesi hakucheka. Aliandika namba ya waliozidiwa, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe hadi kwa daktari.

Wauliza maswali tunao wengi; msikilizaji nilimwona huyo. Nawe msomaji, ukipandisha Uluguru, bibi akakusimamisha kukuuliza habari za mbuzi, usimjibu kwa mkato. Mtajie mmoja mmoja, avute pumzi.