Bomba Alilolichora Mkubwa

Katikati ya miaka ya tisini idara yetu ya maji ililetewa kompyuta, nayo ikapewa chumba kizuri kuliko vyote katika ofisi yetu ya Changamwe. Ilifungiwa kiyoyozi. Sisi wachoraji wa ramani, tuliokuwa tukijipangusa jasho lisidondokee karatasi, hatukuwahi kupewa hata feni. Tulikatazwa pia kuingia na viatu, eti vumbi lingeiua mashine. Basi mafunzo ya programu mpya ya ramani yakaanza kwa viatu kupangwa mlangoni kama siku ya Ijumaa, na humo ndani baridi na harufu ya soksi.

Mkufunzi alitoka Nairobi. Ndege ikipaa kutoka uwanja wa ndege wa jirani, yeye hakunyamaza. Aliendelea kuchezesha midomo, nasi tukaendelea kutikisa vichwa. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili mabomba yote kutoka ramani za karatasi na kuyaingiza kwenye mashine, ili makao makuu waone mara moja maji yanafika wapi na wapi hayafiki. Pasipofika ndipo patakapopelekewa kwanza. Ndivyo tulivyoambiwa.

Kulikuwa na mtu aliyeyashika maneno hayo. Ni mkunga mmoja wa Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, aliyekuwa na nyumba ndogo ya kuzalishia. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha la wateja, kwa hiyo nilimjua vizuri. Kila mara alivuka feri kuja kuomba bomba. Wanawake kwake walijifungua kwa maji ya mkokoteni, na mkokoteni usipopita, waume walitumwa na madebe huku uchungu umeshashika.

Siku ya mwisho ya mafunzo akaja Mkubwa wetu. Hakuwa amehudhuria somo hata moja. Aliingia na viatu vyake, na hakuna aliyekumbuka vumbi. Akakalishwa kwenye kiti, akakishika kipanya kama anayepiga pasi, akavuta mstari kutoka bomba kuu la Likoni moja kwa moja hadi Shika Adabu, juu ya mapaa ya watu. Tukapiga makofi. Naibu wake alipiga zaidi.

Mkufunzi akatunong'oneza, "Hiyo laini ni ya kujaribu tu. Kesho mtaifuta." Jioni akapanda ndege.

Kesho yake nilimwuliza naibu ni nani wa kuufuta.

"Aliyeuchora," akasema.

"Naye hajui kufuta."

"Basi haufutiki."

Mchoraji mwenzangu, aliyejifunza programu ile kuliko sote, naye akakunja mikono. "Mimi niguse mstari wa Mkubwa? Nina watoto shuleni, ndugu yangu. Ufute wewe tukuone."

Ramani ikachapishwa vivyo hivyo, ya rangi, ikapelekwa makao makuu. Nakala ikatundikwa ukutani, na wageni wakapelekwa kuitazama.

Mkunga alipokuja tena, nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akauliza kama ramani imekwisha. Kabla sijajibu, naibu alisogea dirishani.

"Mama, wewe maji unayo. Bomba linapita mbele ya nyumba yako."

"Mbele ya nyumba yangu pana mbuzi."

"Liko chini ya mbuzi."

"Mwanangu, wallahi nimeishi pale tangu kuolewa. Sijaona mtu akichimba."

"Basi limeziba. Tutatuma mafundi."

Mafundi walitumwa kweli. Walichimba wakaona mchanga, wakachimba tena wakaona mawe ya matumbawe. Waliporudi, naibu aliitisha kikao. Ramani haikuweza kuwa na kosa, kwa kuwa sote tulijua aliyeichora. Bomba kutokuwepo tangu awali hakukuweza kutajwa, kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya chai, kikao kikaamua kwamba bomba limeibwa.

Mkubwa alikasirika sana. Alisema watu wa ng'ambo ile wamezidi, sasa wanaiba hadi vilivyozikwa. Polisi wakaarifiwa. Kuomba bomba jipya katika idara yetu kulikuwa kazi ya miaka, lakini mali ya umma ikiibwa, ilirudishwa upesi, isije ikaulizwa ililindwa na nani. Baada ya wiki chache mabomba yalishushwa Likoni. Yakalazwa palepale penye ule mstari, maana kitu huregeshwa mahali pake: yakapita katikati ya ua wa mtu, yakavunja banda la kuku, yakapasua uwanja wa mpira mbele ya goli. Hatua chache kando palikuwa na njia wazi.

Nilivuka kwenda kumwona mkunga. Alinionyesha mfereji wake mpya, aliokwisha kuufunga kitambaa mdomoni usipate mchanga.

"Huyo mwizi," akaniuliza, "mmempata?"

"Bado anatafutwa."

"Mkimpata msimpige, mwanangu. Asingeiba yeye, nyinyi mngenikumbuka lini?"

Ndani mwanamke aliita. Mkunga akaitika "Abee, naja," akafungua maji, akanawa mpaka viwikoni, polepole, akayaacha yakimiminika kitambo kabla ya kuyafunga.