Pikipiki Isiyobeba Mtu

Baba yangu alifukuzwa kazi kwa kosa la kunipandisha pikipiki. Mchungaji wetu ameniambia zaidi ya mara moja nimsamehe aliyemfukuza, na kila mara nimemjibu kwamba bado.

Kazi yenyewe ilikuwa huku Marekani, mjini Louisville, upande wa Shively, katika gereji ya mzungu mmoja mpenda vyombo vya kale. Siku ya kwanza alimwonyesha baba pikipiki ya Kimarekani ya miaka ya arobaini, ikiwa vipande ndani ya maboksi. Ilikuwa ya aina iliyoundwa kwa ajili ya vita, na mwenye gereji aliujua ukoo wake kuliko ninavyoujua wangu: kiwanda, namba ya injini, jeshi, kisha polisi, kisha shamba moja ambako kuku walitaga juu ya kiti chake. Gia zilibadilishwa kwa mkono, kando ya tanki, na klachi ilikuwa chini ya mguu wa kushoto. Baba alikuwa fundi pikipiki kwetu Uvira kwa miaka ishirini na hakuwahi kuona kituko kama hicho. Alicheka, akakunja mikono ya shati. Baada ya mwaka na ushee ikanguruma.

Sasa, kwetu fundi harudishi moto, ndivyo tunavyoiita pikipiki, kabla ya kumbeba mtu wa nyumbani kwake. Ndiyo dhamana yake. Kama breki zako huziamini kwa mwanao, mteja aziamini kwa lipi? Jumamosi moja mwenye gereji hakuwepo, nami nilipita pale nikitoka mazoezi ya kwaya.

"Panda," baba akasema.

"Papa, boss atasema nini?"

"Bon, atasema asante. Siwezi mupatia moto yenye sijabebea mutoto yangu."

Tulizunguka mitaa mitatu tu. Nilikunja kitenge hadi magotini, nikamshika kiuno kama nilipokuwa darasa la tatu, nikacheka mpaka machozi. Wakati wa kushuka, shavu la mguu wangu wa kulia likagusa bomba la moshi. Ngozi ikaganda pale, doa jeusi kwenye kromu. Baba alilisugua mpaka jioni, halikutoka lote.

Jumatatu mwenye gereji akaliona. Mwingine angesingizia oili. Baba akasema ni mguu wa mtoto wake. Ndipo akaelezwa kwamba pikipiki ile haikufufuliwa ili ipandwe, ilifufuliwa ili itazamwe. Saa sita mchana alikuwa nyumbani na sanduku lake la spana.

Tulihamia mji wa Buffalo, mtaa wa Black Rock, kwa baba mdogo. Baba akawa anasukuma maboksi kwenye ghala. Hakugusa spana tena, hata baiskeli ya jirani aliikataa. Mikono ile! Nikiiona imelala bure juu ya meza Jumapili, nilitamani kuvunja kitu.

Mwaka uliofuata tulikwenda Columbus kwenye harusi. Jirani na ukumbi wetu palikuwa na maonyesho ya pikipiki za kale, na baba akataka kuchungulia. Tukaikuta pikipiki ile ile imezungushiwa kamba, mwenye gereji kasimama kando. Palikuwa na kibao. Ukoo wote uliandikwa pale: kiwanda, vita, polisi, hata kuku. Fundi hakutajwa. Mstari wa mwisho ulisema kwamba tangu ifufuliwe haijawahi kubeba mtu.

"Wanaandika nini?" baba akauliza.

"Uongo, Papa."

Akanishika mkono. "Achana naye. Muulize tu kama breki ingali inashika."

Sikuuliza. Niliruka kamba, nikapandisha gauni la harusi, nikamwonyesha yule bwana kovu. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu, kwamba ilinibeba mimi, na aliyeiendesha ndiye aliyeiunda, na ndiye huyu hapa.

Aliutazama mguu wangu. Kisha akachomoa kitambaa mfukoni, akainama, akaanza kulikagua bomba, akilitafuta lile doa.