Tembe la Mwantum

Misafara ya Tabora ilipovuka Ugogo, shida iliyoitesa kuliko zote ilikuwa maji. Ndiyo maana Mbwana, mfanyabiashara Mrangi kutoka Kondoa, alijenga nyumba yake ya wageni kando ya kisima, si mbali na Dodoma, wakati Wajerumani walipokuwa wanaanza kusimamisha maboma yao.

Aliijenga kwa mtindo wa Wagogo, yaani tembe, ila kubwa kupita matembe yote ya jirani. Pande zake nne zilizunguka ua. Kuta zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo mwekundu, na paa lilikuwa bapa, magogo na fito chini, udongo juu. Huko juu mkewe, Mwantum, alianika mtama. Nyumba haikuwa na dirisha la nje, na lango lilikuwa moja tu, ili punda na pembe za ndovu zilale salama. Upande wa magharibi walilala wenye mali. Wapagazi walilala mashariki, ambako mtu mzima hakuweza kusimama wima.

Mwantum hakujaliwa mtoto. Alizoea kusema wageni wanamtosha.

Kiangazi kimoja msafara uliingia, ukapumzika, ukaondoka bila kuaga. Mwantum alipokwenda kufagia upande wa mashariki alikuta wapagazi watano wameachwa sakafuni, nyuso zimejaa malengelenge. Yeye mwenyewe alikuwa na makovu ya ugonjwa huo tangu utotoni. Ilikuwa ndui.

"Tuwatoe," alisema Mbwana. "Habari hii ikienea, hakuna msafara utakaotua hapa tena."

"Nje kuna fisi, bwana."

Mbwana akachukua shoka akatoboa mlango kwenye ukuta wa nje, na ule wa ndani akauziba kwa udongo, wagonjwa wasipite uani. Mwantum, ambaye ndui haikuweza kumpata tena, akawa anawapelekea uji na maji. Lakini Mbwana alikwishaupata ugonjwa. Alipoona dalili zake mwenyewe, alizunguka nje, akaingia kwa mlango ule ule, akalala pamoja na wapagazi.

Wapagazi watatu walikuwa wamekwisha kufa na kuzikwa habari za ndui zilipofika bomani, na askari wakaja na mienge. Mkubwa wao, Yahaya, alisimama mbali.

"Mama, bwana mkubwa ameamuru nyumba ichomwe."

"Choma upande huu peke yake, baba. Kwingine ugonjwa haujaingia."

"Humo wamo watu?"

"Wapagazi wawili, bado wanapumua. Na mume wangu, amefariki leo asubuhi."

Yahaya aliinamisha macho. "Watoe wanaopumua. Watu wangu hawaingii."

Mwantum aliwaburuta mmoja mmoja juu ya ngozi ya ng'ombe. Aliporudi kwa Yahaya alikuwa anahema. "Niruhusu nimwoshe mume wangu. Nimzike kama Mwislamu."

"Jua linakwenda, mama. Nikirudi boma kabla ya kuchoma, nitachapwa viboko."

Wakachoma. Udongo wa paa hauungui. Magogo ndiyo yaliyoliwa na moto kutoka chini, hadi paa zima likaporomoka juu ya maiti na kuifunika. Yahaya aliinua mikono yake, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Mwantum hakumwitikia.

Mpagazi mmoja alikata roho siku ile ile. Wa pili, Msafiri, alipona lakini macho yalipofuka. Hakuwa na njia ya kurudi kwao Unyamwezi, akabaki. Alijifunza kusokota kamba, naye Mwantum akazoea kuitwa mama.

Misafara iliyopita ilichota maji kisimani ikaenda kulala mbele. Baadaye reli ikafika Dodoma, na hata hiyo michache ikakoma. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, jeshi lilichukua mbuzi wote na mtama wa akiba. Mwantum alikuwa amezeeka. Chakula kidogo kilichopatikana alimpa Msafiri, akidai ameshashiba, na yule kipofu hakuweza kuona jinsi alivyokonda. Alijua siku alipoushika mkono wake kumwamsha, akakuta mifupa mitupu, ya baridi.

Majirani Wagogo walimzika Mwantum, wakamchukua Msafiri kwao. Masika yaliyofuata hakukuwa na mtu wa kukandika paa la tembe, na maji yakaingia.