Siti ya Vipande Viwili

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani wanamwita Fundi Kesho. Mafundi wengine wakikuambia kesho, wanakudanganya. Yeye akisema kesho, ujue kuna uzi mmoja haujamridhisha. Ameshona na kufunga viti vya magari tangu ndevu hazijamwota, na ana mwiko mmoja: kiti hakitoki kwake bila kulala. Akimaliza kukifunga anakipakia magunia ya mchanga, analipitisha gari kwenye matuta, kisha anakiacha na mzigo wake mpaka asubuhi. Wateja hununa, naye hucheka. Huwaambia kiti hakina haraka, yenye haraka ni matako yao.

Nilimpenda kwa hilo. Nalisema mapema, nisije nikaonekana namchukia.

Dada alipopatikana na uvimbe kwenye uti wa mgongo, kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa kukaa. Kulala aliweza, kusimama kwa kushikwa aliweza, lakini akikalishwa alipiga kelele za kufanya majirani wafunge madirisha. Daktari akasema atibiwe kwa mionzi kila siku, wiki tano, kuanzia Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Akatuonya kwamba mashine ni moja na wagonjwa ni wengi. Akikosa siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine, naye atasubiri wiki tatu. Uvimbe wenyewe, alisema, hausubiri.

Tulikuwa tumeshajaribu pikapu ya jirani, dada amelazwa nyuma kwenye godoro. Kila shimo lilimpasua. Alirudi ameuma mdomo mpaka unatoka damu, akasema pikapu hapandi tena, bora afie nyumbani. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa la dharura tu. Likabaki gari dogo la shemeji, lenye springi laini, lakini siti yake ya nyuma ilikuwa na mgongo mmoja usiokunjika.

Akaenda kwa wauza vipuri wanaochinja magari mabovu, akazunguka siku nne. Alirudi na siti ya mtumba iliyotoka kwenye gari kama lake, ila la daraja la juu. Mgongo wake umegawanyika: kipande kipana cha watu wawili na chembamba cha mtu mmoja, kila kimoja kinakunjwa peke yake. Kipana kikilazwa, buti na ndani ya gari vinakuwa chumba kimoja. Dada angelala hapo, miguu yake ikiingia kwenye buti, nami ningekaa kwenye kile chembamba nimshike asibingirike breki ikikanyagwa.

Kazi niliiona kwa macho. Alipong'oa siti ya zamani alikuta nyuma yake bati limeziba njia ya buti. Akalikata kwa msumeno wa mkono, akapiga tupa kingo zote zisije zikamchana mkewe, akachomelea vyuma pembeni kurudisha nguvu iliyopungua. Akafunga bawaba. Vishikizo vya loki, vya kushika mgongo wa siti ukisimamishwa, ambavyo gari lake halikuzaliwa navyo, akavichomelea mwenyewe. Dada alilala karibu na dirisha akisikiliza msumeno, kila saa ananiuliza amefika wapi, kama mtu anayefuatilia mpira redioni.

Jumapili jioni kazi ikaisha. Kipande kipana kililala bapa kama meza. Akasimamisha kile chembamba, akapanga magunia nyuma yake, akaondoka. Alirudi mapema mno, nikajua kumeharibika. Breki ya kwanza ya nguvu tu, kishikizo cha kipande chembamba kimebanduka na mgongo umeruka mbele. Alikuwa amekichomelea kwenye bati jepesi. Akasema kesho atatafuta bati nene aanze upya.

Nikamkumbusha kwamba kesho ndiyo Jumatatu. Nikamwambia afunge kamba.

"Shemeji, hapo utakaa wewe," alisema. "Kamba ikikatika, unamwangukia dada yako juu ya uti wa mgongo."

Dada alisikia yote. Alimwita mumewe, akamsihi waende hivyo hivyo. Yeye akapiga magoti kando ya kitanda, akasema hawezi kumpandisha mkewe kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe hajaiamini. Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Yeye akatoka usiku huo huo kwenda kutafuta bati.

Jumatatu ikapita anachomelea. Jumatano asubuhi siti ilikuwa imeshalala na mzigo wake, haitikisiki. Hospitali ikatupa tarehe ya wiki tatu mbele, kama ilivyosema. Katika wiki ya pili miguu ya dada ilikufa ganzi, ukaanza wa kushoto.

Siku tuliyomfikisha, daktari alimpima kwa muda mrefu. Dada akataka aambiwe yeye mwenyewe, akaambiwa. Miguu haitarudi, na mionzi sasa ni ya kupunguza maumivu tu. Tungekuja tarehe ile, daktari alisema, pengine wangewahi.

Tunakwenda kila asubuhi hata hivyo. Juzi, tukiwa tumesimama kwenye taa, dada alikuwa ananitazama kutoka pale chini alipolala. Akanyoosha mkono, akapapasa mgongo wa siti yangu.

"Mdogo wangu," alisema, "kwani siku ile tusingekunja vipande vyote viwili, nawe ukalala hapa na mimi?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kama anayeuliza chumvi imewekwa wapi. Shemeji na miaka yake yote ya viti, mimi na mdomo wangu mrefu, hatukuwa tumewaza hivyo. Kwake shemeji mgonjwa ndiye wa kulala, mzima ni wa kukaa, na kiti cha mtu kukaa lazima kiwe na mgongo. Nilimwona kwenye kioo, ameshika usukani kwa mikono miwili. Taa ikawaka kijani, wa nyuma wakapiga honi, ndipo akaondoa gari.

Nilimjibu dada kwamba tusingeenea. Nafasi ya kulala watu wawili ilikuwepo, na sote watatu tuliijua.