Fungu la Kwanza

Kila Jumamosi mama mmoja, fundi cherehani, hufunika mashine, hunawa mikono, kisha huweka mapato ya wiki mezani na kuyaombea kama anavyoombea chakula. Vidole vyake vyenye makovu ya sindano hutenga kwanza fungu la kumi, ndipo kodi, unga na sabuni. Wiki ambayo wateja waliadimika, mezani palikuwa na noti moja tu. Akaiombea vilevile, akajifunga kitambaa kichwani aende kutafuta chenji, sehemu ya Mungu itoke.

“Mama, wiki hii Mungu ataelewa,” mkamwana wake alimsihi.

“Ataelewa, mwanangu. Mimi ndiye nitakayezoea kumnyima.”

Mkamwana alibaki mlangoni akimtazama akienda zake. Hakuwahi kumwona mtu mwenye noti moja akitembea kwa raha namna ile.