Jetoni Isiyo na Jina

Nilipaswa kukataa. Shefu aliniomba niondoe hatua moja katika kazi, nami nikasema, "Sawa, shefu." Hakunilazimisha.

Tulikuwa tunaandikisha watu waliokimbia vita vya Djugu, ili waliotawanyika watafutane kwa majina. Jina lilitoka mezani kwetu, likapita kwenye waya hadi chumba cha mashini, upande wa pili wa Bunia. Huko kulikuwa na mashini yenye kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukikatika. Ila ilikuwa na tabia moja: ilijibu "limepokelewa" jina likiwa bado mlangoni, halijakaa ndani. Ndiyo maana nilikuwa nimeweka sharti: kwanza tuliite jina lirudi kutoka ndani, ndipo mtu apewe jetoni, kile kibati chenye namba yake.

"Muzee, watu iko mingi inje, jua inawachoma," shefu alisema. "Weye unauliza mashini mara mbili kama muke wa wivu. Imeisha kujibu!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nikafuta sharti lile, foleni ikaenda mbio, nikasifiwa.

Alasiri moja umeme ulikatika kwenye chumba cha mashini, na jenereta ikakawia kuwaka. Majina yaliyokuwa mlangoni yakapotea. Hatukujua, maana kila mtu alikuwa ameshaondoka na jetoni yake.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa kwenye foleni. Alikuwa amepotezana na mke wake njiani, simu zao zimeungua pamoja na nyumba. Mke alipita porini akafika Nia-Nia, akaenda kwenye meza ya majina ya huko, akaomba jina la mumewe litafutwe.

"Haiko, mama," aliambiwa.

Miezi baadaye, mwanamke aliyelala naye chumba kimoja kule alitusimulia alichosema mke huyo: "Shemeji yangu ndiye anachunga ile majina. Bwana yangu angekuwa muzima, kaka yake angekosa kumuandika?" Shemeji alikaa matanga peke yake, kisha akapanda lori la kwenda Kisangani. Hajaonekana tena.

Mdogo wangu alikuja kwangu, mtaa wa Rwambuzi, akaweka jetoni mezani.

"Kaka, namba iko. Jina yangu iko wapi?"

Nilimweleza yote, hata kile kicheko. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jetoni yake, akaacha chai ikiwa haijaguswa.

Tunaishi mtaa mmoja. Tukikutana njiani, hanisalimu. Yeye alipoteza mke kwa sababu yangu, nami nikampoteza yeye, ndugu pekee niliyekuwa nimebaki naye.