Printa Iliyosubiri Ruhusa

Printa niliinunua Ijumaa saa ya chakula cha mchana, Westlands, Nairobi, katika duka la ghorofa ya pili ambalo muuzaji wake aliniapia kwamba mashine ile haihitaji fundi. "Madam, hii unachomeka tu," aliniambia. "Computer yenyewe itaijua." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kazini kwangu vitu vya aina hiyo hutengenezwa na watu wa kompyuta huku mimi nikinywa chai, na sasa nilikuwa na Jumamosi moja tu ya kuifanya itoe karatasi nyumbani kwa wazazi wangu, Woodley.

Haraka yenyewe ilitokana na macho ya baba. Baba yangu amesoma somo kanisani kwetu karibu kila Jumapili tangu nikiwa mtoto wa soksi nyeupe. Mwaka jana daktari alimwambia ana presha ya macho, kwamba matone yatapunguza kasi tu, na kwamba alichokwisha kupoteza hakitarudi. Alirudi nyumbani akatuambia mama na mimi, kisha akatukataza kumwambia mtu mwingine yeyote. Tangu siku hiyo mama akawa anamsomea somo jikoni Jumamosi jioni yote mpaka alishike, na Jumapili baba anasimama mbele ya watu, kitabu wazi mbele yake, anakariri neno kwa neno. Watu walimsifu kwa sauti yake na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Halafu Jumapili moja akaruka mistari mitatu. Mchungaji aliinua uso kumtazama. Kesho yake baba alimwambia mama kwamba Jumapili ijayo asipoweza kusoma kwa macho yake mwenyewe, atakwenda kwa mchungaji kuomba jina lake litolewe kwenye orodha ya wasomaji. Baba si mtu wa vitisho. Sigara aliziacha vivyo hivyo, asubuhi moja baada ya uji, na hatukuwahi kuona nyingine mkononi mwake.

Wazo la kuchapisha somo kwa herufi kubwa lilikuwa la mama. Nilimuuliza kwa nini asiende saiba, lile duka la intaneti na kuchapisha pale Adams Arcade, dakika kumi kwa miguu. Akanitazama kwa huruma. Mwenye saiba huimba besi kwenye kwaya yetu, na husoma kila kinachotoka kwenye mashine yake kabla hajakupa. Kabla ya ibada ya kwanza kwisha kanisa zima lingejua. Na simu je, nikauliza, si simu inakuza maandishi? Baba alijibu mwenyewe kutoka sebuleni. "Maitu, mimi siwezi kusimama mbele ya madhabahu nikiwa na simu." Ananiita maitu, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa mjadala umekwisha.

Basi ikawa printa.

Mama alikuwa taipisti wa serikali, katika ofisi moja ya katikati ya jiji, miaka mingi kabla hajastaafu. Mchungaji alipotuma somo la Jumapili kwa simu, baada ya saa sita mchana, aliketi mbele ya kompyuta yangu ya zamani niliyowaachia, akanyoosha mgongo, akaanza. Sikuwa nimemwona akipiga chapa tangu utotoni. Vidole vyote kumi vilikwenda bila yeye kuvitazama. Macho yalikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari. Nilisimama na kikombe mkononi nikasahau kunywa. Mimi hutumia vidole vinne na bado hujiita mwenye kasi. Alimaliza somo zima, akakagua, hakuwa na kosa hata moja.

Zamu yangu ikafika. Nikachomeka waya wa printa ukutani, nikachomeka mwingine kwenye kompyuta. Kompyuta ikatoa mlio wake wa kupokea mgeni. Jina la printa likatokea kwenye kioo, nikamwambia mama, "Unaona?" Nikabonyeza kuchapisha. Printa haikufanya lolote. Taa yake ya kijani iliwaka tu, imetulia.

Maneno yaliyokuja kwenye kioo yalisema draiva haipo. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuzungumza na printa, na siku hizi kompyuta huitafuta yenyewe kwenye intaneti, huileta na kuisakinisha bila kumsumbua mtu. Ndicho alichokuwa akikisema muuzaji. Nikachomoa waya, nikachomeka tundu jingine. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Nikaifuta printa kwenye orodha na kuiongeza upya, na kila mara jina lilirudi vizuri na karatasi haikutoka. Nikatafuta kile kisahani cha programu kwenye boksi, kikawepo, lakini kompyuta yangu haina mahali pa kukitia.

Saa tisa nilikuwa nimekwisha kumlaani muuzaji, ghorofa yake ya pili na yeyote aliyebuni waya. Nilimlaumu hata mama kwa kuzima kila kitu ukutani kabla ya kulala, eti ndiyo maana kompyuta imeharibika. Baba alikuwa sebuleni na redio yake, lakini sauti ya redio ilikuwa chini mno kwa mtu anayesikiliza redio. Alikuwa anatusikiliza sisi. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa kuwa nilijua kila ninaposonya yeye anajiona tayari kwenye ofisi ya mchungaji.

"Inaandika nini?" mama akauliza.

"Inaandika haiwezi, Mum. Ni kitu ile ile tu."

"Sogea nisome."

"Nimesoma mara kumi."

"Umeangalia mara kumi. Sogea."

Nikampisha kiti. Akavaa miwani, akainama, akaanza kusoma kioo kutoka chini. Nilidhani amekosea. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba ndivyo walivyofundishwa ofisini: barua ikaguliwe kuanzia mstari wa mwisho kupanda juu, maana ukianzia juu akili hukimbilia kile inachotarajia na kosa hupita mbele ya macho yako mchana kweupe. Hivyo akapanda polepole, kidole hewani, akisoma hata tarehe na saa. Akafika kwenye jina la printa. Chini ya jina kulikuwa na mstari wa kijivu, mdogo, wa aina ambayo sisi tunaojua kompyuta hatuisomi.

"Hapa inasema setup haijaisha," akasema. "Inasema ni kwa sababu connection ni metered. Hiyo metered ni nini?"

Nikahisi masikio yanapata moto.

Nyumbani kwa wazazi wangu intaneti hutoka kwenye simu ya mama, ambayo hukaa dirishani kwa sababu ndipo inaposhika vizuri. Mwaka uliopita kompyuta ile ilikuwa imemmalizia data zote kwa siku moja, ikijipakulia masasisho ambayo hakuna aliyeyaomba. Kila mtu ninayemjua Nairobi amewahi kuibiwa namna hiyo na kompyuta yake mwenyewe, na dawa yake tunaijua sote: unaingia kwenye mipangilio unaiambia kwamba mtandao huu unapimwa, kila kinachopita kinalipiwa, usipakue chochote bila ruhusa. Nilifanya hivyo mimi, kwa mkono wangu, nikajisifu mbele ya mama kwamba nimemfunga mwizi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Printa ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, muuzaji wa watu hakuwa na hatia. Kompyuta ilikuwa imejua tangu mlio wa kwanza ni draiva ipi inayotakiwa na ipo wapi, ila niliikataza kwenda kuichukua, nayo ikatii, ikaandika kwa herufi ndogo kwamba inangoja.

Nilimweleza mama haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo si mimi na socket zangu."

"Si wewe, Mum."

"Sawa. Sasa iambie iende."

Chini kabisa ya ukurasa ule wa printa kuna swichi inayouliza kama draiva zinaweza kupakuliwa hata mtandao ukiwa wa kupimwa. Niliiwasha. Nikachomoa waya wa printa mara moja zaidi na kuurudisha. Kisha nikaweka mikono mapajani, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya, na hapo nikashikwa na kitu ambacho sikukitarajia kwenye meza ya jikoni. Ule mstari wa kijivu ukafutika. Ukaja mwingine kusema inapakua. Simu ya mama ilikuwa dirishani, nyuma yake ua wa michongoma na kuku wa jirani wakichakura, na kupitia simu ile, bila sauti, kitu kilichoandikwa na watu ambao sitawajua, katika nchi ambayo pengine sitafika, kilikuwa kinaingia nyumbani kwetu kuifundisha mashine ya kompyuta maneno ya mashine nyingine. Hakikukosea mlango. Mama naye alikuwa ameinama kuitazama simu kana kwamba ataona kikipita. Nimefanya kazi ya ofisi miaka ishirini na sijawahi kuogopa kompyuta kwa namna ile nzuri ya kuogopa, ya mtu aliye mbele ya jambo kubwa kuliko yeye.

Mstari ukasema tayari. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na kurasa zote nilizokuwa nimeziagiza tangu nilipoiongeza upya mara ya mwisho zikaanza kutoka kwa mpigo, nakala baada ya nakala za somo lile lile. Redio sebuleni ikazimwa. Baba akaja mlangoni.

Tulianza na herufi ambazo kwangu zilikuwa kubwa sana. Baba alizishika karibu na dirisha, akatikisa kichwa. Tukaongeza. Akasema anaona weusi, lakini weusi hausemi kitu. Mama akaongeza tena, mpaka karatasi iliyolazwa ikawa inabeba maneno tisa au kumi tu, na herufi zenyewe zimenenepa. Baba alisogeza karatasi kushoto kidogo, mahali ambapo jicho lake bado lina uhai.

Kisha akasoma. Haikuwa ile sauti nzuri iliyokuwa ikisifiwa kanisani. Ilikuwa sauti ya mtu anayeokota kitu chini, neno, halafu neno, akisimama mahali pasipo na nukta. Mwezi baada ya mwezi nilimsikia akikariri na nilikuwa nimesahau kwamba kusoma kuna sauti yake. Mama alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.

Somo zima lilitoka kurasa kumi na saba. Baba alizipokea, akazipima uzito kwa mkono, na ndipo sote watatu tukaliona jambo ambalo tulipaswa kuliona mapema. Tulikwepa saiba ili watu wasijue. Sasa angesimama mbele ya kanisa zima na rundo la karatasi, akigeuza moja baada ya moja, kila moja na maneno ambayo mtoto wa benchi la mbele angeyasoma kwa upande wa nyuma.

"Wataona," nikasema. Sijui kwa nini nilikuwa mimi wa kulisema.

"Wataona," baba akakubali. Akazipanga kurasa zikalingana pembe, akaenda nazo chumbani. Mimi na mama hatukujua angeamua nini, na hatukuuliza.

Jumapili jina lake lilipotajwa aliinuka. Alitembea hadi mbele mkono ukipita juu ya mabenchi, akakifunga kitabu kikubwa kilichokuwa wazi pale, akakisogeza kando, akaweka karatasi zake mahali pake. Minong'ono ilipita kushoto, ikafa. Akaanza. Maneno tisa, karatasi ikageuzwa, maneno kumi, karatasi ikageuzwa. Kipaza sauti kilinasa kila mkwaruzo. Kwenye ukurasa wa saba, karatasi mbili ziligandana, akasimama kuziachanisha kwa kucha, na watu karibu mia tatu, wenye watoto na wenye nyama jikoni, wakamngoja. Hakuna aliyekohoa. Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna hiyo mahali penye watu, na nilielewa kwamba walikuwa wanajua, na kwamba pengine walijua tangu ile mistari mitatu, au kabla yake. Hakuruka hata neno.

Alirudi akaketi kati ya mama na mimi, karatasi magotini. Mwaka mzima jambo la macho yake lilikuwa limesemwa jikoni tu, milango imefungwa. Sasa hakujali hata kushusha sauti. Watu wa mabenchi mawili ya nyuma yetu walimsikia.

"Wiki ijayo," alimwambia mama, "herufi mziongeze ukubwa kidogo."